Tathmini ya Huduma: Kutuma Vifurushi Kutoka Uingereza Kwenda Ujerumani Baada ya Brexit

Kampuni ninayoitathmini hapa nimekuwa nikiitumia tangu mwanzoni mwa mwaka 2021 kumtumia mdogo wangu wa kike vifurushi huko Hamburg, mara tatu au nne kwa mwaka, na mara chache zaidi kupokea vyake hapa Uingereza. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza nimezisikia pia kwa watu wanaotumia kampuni nyingine, na sioni haki kumbebesha mmoja mzigo wa wote. Ninachokusudia ni kumsaidia msomaji ajue anacholipia. Anayetuma kifurushi leo kati ya nchi hizi mbili hununua vitu viwili kwa bei moja: gari litakalobeba kasha lake, na karatasi zitakazolivusha kasha hilo forodhani. Kwenye gari kampuni hii ni hodari. Udhaifu wake uko kwenye karatasi.

Kwa wale waliohamia huku karibuni, inafaa kukumbusha hali ilivyokuwa. Uingereza ilitoka rasmi katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini kwa miezi kumi na moja ya kipindi cha mpito mtumaji wa kawaida hakuona tofauti yoyote. Kifurushi cha kwenda Hamburg kilibandikwa anwani na kuondoka, sawa na kile cha kwenda Leeds. Mabadiliko yalianza tarehe 1 Januari 2021. Wengi wetu tulikuwa tumepumua wiki moja kabla, tarehe 24 Desemba, tuliposikia kwamba pande mbili zimekubaliana kutotozana ushuru wa forodha. Habari hiyo ilikuwa ya kweli, ila tuliielewa nusu. Makubaliano yaliondoa ushuru kwa bidhaa zenye asili ya Uingereza au ya Umoja wa Ulaya peke yake, kwa hiyo shati lililoshonwa Asia na kuhifadhiwa katika ghala la Uingereza halipati nafuu hiyo kwa kupita tu hapa. Hayakuondoa kodi ya ongezeko la thamani, wala hayakuondoa wajibu wa kutoa tamko la forodha kwa kila kasha linalovuka, hata likiwa na soksi jozi mbili.

Tamko hilo ndilo kiini cha ukurasa wa kampuni hii wa kuagiza huduma. Mtumaji hutakiwa kuandika kila kitu kilichomo, idadi yake, uzito, thamani na nchi kilikotengenezwa, kisha kuchagua namba ya bidhaa inayotumiwa na maofisa wa forodha duniani kote. Hapa nawapongeza bila kusita. Mwaka wa kwanza kisanduku cha maelezo kilikubali neno lolote, nami niliandika “vitu vya mtoto”, nikalipa, na baada ya siku kumi na mbili kasha likarudi mlangoni kwangu likiwa na karatasi iliyosema kwamba maelezo hayatoshi. Kosa lilikuwa langu, ingawa mfumo uliolipokea kosa hilo pamoja na pesa zangu nao una sehemu yake ya lawama. Siku hizi mfumo hukataa maneno kama “zawadi” au “nguo”, hukuuliza ni nguo gani, ya pamba au ya sufi, ya kike au ya kiume, na hukuletea namba inayofaa bila kukulazimisha kupekua orodha ndefu. Kujaza maelezo ya vitu sita hunichukua robo saa, na tangu mabadiliko hayo hakuna kifurushi changu kilichorudishwa kwa sababu ya maelezo.

Mahali ambapo maelezo yao yanapotosha ni kwenye alama ya “zawadi”. Ukiichagua, ukurasa unakuambia kwa furaha kwamba zawadi huweza kusamehewa kodi, halafu unaendelea na hatua inayofuata. Haukuambii kwamba msamaha huo katika Umoja wa Ulaya hukoma kwenye thamani ya euro 45, wala kwamba kwa vifurushi vinavyoingia Uingereza kikomo ni pauni 39. Tena haukuambii kwamba zawadi, kwa macho ya forodha, ni kitu kilichotumwa na mtu binafsi kwa mtu binafsi bila malipo yoyote. Niliwahi kununua viatu kwenye duka la mtandaoni, nikaweka anwani ya mdogo wangu, nikalipia hata karatasi ya kufungia yenye utepe. Kwangu ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Forodhani yalikuwa mauzo ya duka kwa mteja aliye nje, na kodi ikadaiwa kama kawaida. Sentensi mbili kando ya kisanduku hicho zingetosha kuwaepusha wateja na mshangao huo, nami nimewaandikia mara mbili kupendekeza ziwekwe.

Lakini lalamiko langu kubwa linahusu hatua ya mwisho, pale mtumaji anapoulizwa nani atalipa kodi. Kuna njia mbili. Katika ya kwanza, mtumaji hulipa yote mapema, na mpokeaji hupewa kasha lake mlangoni kama zamani. Katika ya pili, mtumaji hulipia usafiri tu, na mpokeaji hudaiwa kodi pamoja na ada ya kampuni kwa kazi ya kumlipia forodhani. Njia ya pili ndiyo inayokuja ikiwa imekwisha kuchaguliwa, na bei yake ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Tuchukue mfano wa bidhaa iliyonunuliwa kwa euro 100 na kusafirishwa kwa euro 15. Kodi ya Ujerumani, ambayo kwa bidhaa nyingi ni asilimia 19, hukokotolewa juu ya jumla ya vyote viwili, yaani euro 115, na hufikia euro 21 na senti 85 kabla ada haijaongezwa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 ununuzi mdogo nao haupiti bure, maana siku hiyo Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha uliokuwapo kwa bidhaa zisizozidi euro 22. Mdogo wangu alidaiwa fedha za namna hiyo mlangoni mara mbili, na mara ya pili hakuwa nazo mkononi. Kasha likakaa kituoni wiki nzima. Bei iliyonivutia kuwachagua haikuwa imepungua hata kidogo. Ilikuwa imegawanywa, na sehemu moja ikapelekewa mtu ambaye hakuulizwa.

Tangu hapo huchagua njia ya kwanza, na kwa njia hiyo huduma yao ni ya kuaminika sana. Makadirio ya kodi wanayotoa kabla ya malipo hayajawahi kupishana na ankara ya mwisho zaidi ya senti chache. Mwendo nao unaridhisha: siku tano hadi saba mlango kwa mlango, na ufuatiliaji unaoonyesha saa kasha lilipoingia forodhani na saa lilipotoka. Wahudumu wa simu ni waungwana, ingawa huwezi kuwapata baada ya saa kumi na moja jioni, saa ambayo watu wengi ndiyo kwanza wanatoka kazini.

Kuhusu vyakula, orodha yao ya vitu vilivyokatazwa ni bora kuliko zote nilizosoma. Mdogo wangu aliwahi kuniomba samli, akidai kwamba anayoipata huko haina harufu ya samli. Kabla ya mwaka 2021 ningeitia katika kopo na kuituma. Sasa samli ni bidhaa ya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na bidhaa za nyama na maziwa haziruhusiwi kuingia humo katika vifurushi vya watu binafsi wala katika mikoba ya wasafiri. Wengi watakumbuka picha za Januari ile ya kwanza, madereva waliotoka Uingereza wakinyang’anywa mikate yenye nyama na maofisa wa Uholanzi bandarini. Kampuni inaeleza katazo hilo kwa lugha nyepesi na kutaja mifano ya jikoni, badala ya kunakili kifungu cha sheria. Mwaka 2025, ugonjwa wa midomo na miguu ya mifugo ulipozuka Ujerumani, kisha Hungaria na Slovakia, Uingereza nayo ilizuia wasafiri kuleta nyama na maziwa kutoka Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 12 Aprili. Orodha yao ilikuwa imekwisha rekebishwa nilipoifungua wiki hiyohiyo. Majani makavu ya chai, kwa faida ya wanaouliza, yamenipitia kila mara.

Kwa mwenye biashara ndogo ushauri wangu ni tofauti. Kampuni hujitangaza kuwa rafiki wa wauzaji wadogo, lakini msaada wake huishia kwenye tamko la forodha. Tangu tarehe 13 Desemba 2024, kanuni za Umoja wa Ulaya za usalama wa bidhaa humtaka muuzaji aliye nje awe na mtu au taasisi ndani ya Umoja huo itakayowajibika kwa bidhaa zake, na kanuni hizo hugusa pia vifurushi vya kwenda Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza yenyewe. Kuhusu hilo ukurasa wao uko kimya kabisa. Mshonaji wa mikoba anayetegemea ukurasa huo peke yake atafikiri amekamilisha kila kitu, kumbe bado.

Jambo lililonifanya niandike tathmini hii sasa ni huduma yao ya kurudisha mizigo, ambayo kwa maoni yangu haistahili kuitwa huduma. Msimu wa baridi uliopita nilimtumia mdogo wangu koti la sufi lililonunuliwa hapa, thamani yake ikiwa juu ya kikomo cha zawadi, na kodi ya Ujerumani nikailipa mapema kama ilivyo desturi yangu. Koti likambana mabegani. Zamani angelirudisha kwa gharama ya stempu, nami ningelibadilisha dukani. Sheria ya Uingereza haijamsahau mtu kama mimi: bidhaa iliyotoka nchini na kurudi ndani ya miaka mitatu ikiwa katika hali ileile inaweza kusamehewa ushuru na kodi, alimradi mwenyewe athibitishe kwamba ni ileile. Ushahidi nilikuwa nao wote, yaani risiti ya duka, tamko la kwanza na namba ya ufuatiliaji. Kilichokosekana ni mahali pa kuuweka. Fomu yao ya kurudisha haina kisanduku cha bidhaa inayorejea; humlazimisha mpokeaji kuandika tamko jipya kana kwamba Hamburg inaniuzia koti kwa mara ya kwanza, na papo hapo hukokotoa asilimia 20 ya kodi ya Uingereza. Niliwapigia simu mara tatu. Mhudumu wa kwanza hakujua msamaha huo upo, wa pili aliujua lakini akasema niuombe mwenyewe baada ya kulipa, na wa tatu alinieleza kwa upole kwamba kodi niliyokwisha kulipa Ujerumani nayo inahitaji maombi ya pekee, ambayo wao hawayashughulikii kwa wateja binafsi.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano. Zote tatu ni za gari, za orodha ya vyakula na za wale wahudumu waungwana. Koti lenyewe liko Hamburg mpaka leo. Mdogo wangu amempa jirani yake wa ghorofa ya chini, mama mmoja mwembamba, na anasema limemkaa vizuri.