Vifaa vya kununua ili kusafisha hewa ya nyumbani baada ya dhoruba ya vumbi, kwa mpangilio wa umuhimu

Vumbi linaloingia nyumbani wakati wa dhoruba si la aina moja, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua kipi kinunuliwe kwanza. Chembe kubwa, zenye kipenyo cha mikromita 10 na kuendelea (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), hutua sakafuni na juu ya samani ndani ya dakika chache hewa inapotulia. Zilizo chini ya mikromita 2.5, ambazo katika vipimo huitwa PM2.5, huweza kuelea kwa saa nyingi, nazo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Anayekimbilia kununua mashine huku sakafu na mapazia yakiwa bado yamejaa vumbi atakuwa akisafisha hewa inayochafuliwa upya kila mtu anapopita.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa mopu, vitambaa vya nyuzi laini na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia. Ufagio mkavu hutimua vumbi na kulirudisha hewani, ilhali kitambaa chenye unyevu hulinasa. Pangusa kuanzia juu, yaani rafu, feni na vizingiti vya madirisha, kisha umalizie kwa kupiga deki, ukiwa umevaa barakoa ya N95 au FFP2. Madirisha yafunguliwe pale tu hewa ya nje itakapokuwa imetakata. Pamoja na hivyo nunua tepe za sponji au mpira za kuziba nyufa za milango na madirisha, kwa kuwa ni za bei ndogo na zitapunguza kazi katika dhoruba ijayo.

Nafasi ya pili ni ya mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, na hapa ndipo mnunuzi anapohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kichujio halisi cha HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3 kwa kigezo cha Marekani, au, kwa daraja la H13 la Ulaya, asilimia 99.95 ya chembe za ukubwa ulio mgumu zaidi kunaswa. Maneno kama “mfano wa HEPA” yasiyoambatana na daraja wala asilimia hayakuhakikishii chochote. Hata hivyo ubora wa kichujio ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni kiasi cha hewa safi ambacho mashine inatoa kwa saa, kinachoandikwa CADR, na hicho ndicho cha kulinganisha na chumba chako. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 40. Ukitaka hewa yake ichujwe mara tano kwa saa, unahitaji CADR ya mita za ujazo 200 kwa saa. Kwa kawaida namba inayotangazwa hupimwa mashine ikiwa katika kasi ya juu kabisa, ambayo wengi hawaivumilii usiku kwa kelele zake, kwa hiyo ni busara kuchukua kubwa kuliko hesabu inavyodai na kuiendesha taratibu. Hakikisha ina kichujio cha awali kinachooshika, na kwamba vichujio vya akiba vinapatikana kwa bei utakayoimudu, kwani vumbi jingi huvijaza upesi. Tabaka la mkaa husaidia dhidi ya harufu na gesi. Kwa vumbi usililipie zaidi.

Bajeti ikiwa ndogo, nafasi ya tatu ni feni iliyofungiwa vichujio vya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa kichujio kunasa chembe), kwa umbo la sanduku lililobuniwa mwaka 2020 na Richard Corsi na Jim Rosenthal. Kichujio hicho hunasa angalau asilimia 85 ya chembe za mikromita 1 hadi 3, na kwa kuwa hewa hupita tena na tena, matokeo yake ni mazuri sana. Kasoro zake ni kelele, ukubwa, na kwamba feni ya namna hiyo haifai kuachwa ikizunguka bila mtu wa kuiangalia.

Mashine ya kufyonza vumbi ni ya nne, na inafaa hasa kwa wenye mazulia, mradi iwe na HEPA na mwili usiovujisha hewa. Isiyo hivyo hutema nyuma chembe ndogo ilizofyonza mbele.

Usinunue kabisa mashine zinazozalisha ozoni, kwa maana gesi hiyo yenyewe hudhuru mapafu, na wenye pumu huumia zaidi. Mimea ya ndani haitoshi kuchuja vumbi la chumba. Vifaa vya kuongeza unyevu vinavyotumia mawimbi ya sauti hurusha hewani madini yaliyomo kwenye maji ya bomba, yaani vumbi jingine.

Ukibakiwa na fedha, kipimo kidogo cha PM2.5 kitakuonyesha kama umefanikiwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza wastani wa saa 24 usiozidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Kumbuka tu kwamba vipimo vingi vya bei nafuu haviyaoni vizuri mavumbi makubwa, hivyo namba ikishuka, kagua pia rafu kwa kidole.