Sabuni ya unga au shampuu ya gari?

Kwa bei, sabuni ya unga inashinda bila ubishi. Ipo kila duka la mtaa, na vijiko viwili vya chakula vinatosha ndoo ya lita 10. Inang'oa grisi na udongo mwekundu wa barabara za Newala ulioganda kwenye matairi. Tatizo ni rangi: sabuni hii ina alkali, huondoa nta inayolinda bodi, na chembe zisizoyeyuka hukwaruza. Iyeyushe kabisa kabla ya kuchovya sponji, na usiiache ikakauka juani. Itaacha mabaka meupe.

Shampuu ni ghali zaidi, ila utelezi wake hubeba mchanga usisuguane na rangi, na nyingi haziondoi nta. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Ukizidisha, utapoteza maji mengi kusuuza povu. Kwa grisi nzito ni dhaifu.

Kwa wanaokaa Shangani au Mikindani, kando ya bahari mkoani Mtwara, hakuna kati ya hizo itakayookoa gari kama uvungu hauoshwi. Chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya, hivyo piga maji mengi chini na ndani ya matao ya matairi.

Pikapu ya kubebea korosho, iliyokwisha pauka, haihitaji shampuu. Gari jeusi lenye nta linaihitaji sana. Mwenye uwezo atumie zote: unga kwa matairi, shampuu kwa bodi, ila kila moja na ndoo yake na sponji yake.