Matembezi ya kindi wekundu Formby: nyota nne, na nendeni asubuhi

Kama uko Uingereza na unapenda wanyama, haya matembezi ya kuongozwa kwenye msitu wa misonobari pale Formby, juu kidogo ya Liverpool, usiyakose. Wengi wanaenda kwa ajili ya picha, na kweli kindi wekundu ni wazuri jamani, vile vishungi vya masikioni na ule mkia, ila mimi kilichonikosha ni mtembezaji wetu, mama mmoja anayejitolea, hakutuficha kitu.

Nilikuwa najua tu kwamba kindi wa kijivu anamfukuza mwekundu, basi. Kumbe wala sio ugomvi, ni chakula na ugonjwa. Wa kijivu wametoka Marekani Kaskazini, wa kwanza wanaojulikana waliachiwa hapa Uingereza, jimbo la Cheshire, mwaka 1876, na wana uzito karibu mara mbili ya wekundu, halafu mbegu za mwaloni wanazila hata zikiwa bado mbichi wakati mwekundu tumbo lake haliziwezi, na juu ya hayo yote wanabeba kirusi cha ndui ya kindi na wenyewe hawaumwi! Mwekundu akiambukizwa anatoka vidonda machoni, mdomoni, kwenye vidole, haoni, hali, wiki mbili nyingi kashakufa. Hapo hapo Formby ndui iliingia 2008 ikafyeka zaidi ya robo tatu yao. Kwa hiyo yule unayemwona anakimbia juu ya tawi ametokana na wale wachache walionusurika, aisee nilisisimka.

Mtu akauliza, sasa hao wa kijivu mnawaua? Akajibu ndiyo, wanategwa na kuuawa, akatutajia kisiwa cha Anglesey kule Wales, kazi hiyo ilianza 1998 mpaka wa kijivu wakaisha kisiwani na wekundu wakaongezeka tena. Kuna waliokunja sura ila mimi nilimheshimu zaidi, bora uambiwe ukweli hata kama unauma.

Halafu anajua kuonyesha. Aliokota koni ya msonobari iliyotafunwa, magamba yote yametolewa imebaki kama gunzi la mahindi, akasema hapa kuna mtu amekula, angalieni juu, na kweli yupo! Akatuonyesha pia kisanduku cha chakula, kindi anainua kifuniko mwenyewe, na akasisitiza sana kiwe kinaoshwa kwa dawa maana kindi wengi wakilia sehemu moja wanaambukizana.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu kundi lilikuwa kubwa mno, tuliokuwa nyuma maelezo mengine hatukuyasikia kabisa na kelele za watu ziliwakimbiza kindi mwanzoni, waandaaji wagawe makundi mawili tafadhali. Mbwa muacheni nyumbani, vaeni viatu vya kufunga maana njia ina mchanga na mizizi, na mkiweza nendeni majira ya vuli wakati wanahangaika kufukia akiba ya chakula, mtawaona chini kabisa karibu na miguu yenu.