Misimbo ya QR kwenye mashine za jengo la zamani Kisumu: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba nimeridhika na huduma hii, na ningelipia tena. Ila nilichokipenda si kile ambacho muuzaji alikuja kunitangazia.

Ninasimamia jengo la ghorofa nne karibu na Oginga Odinga Street. Chini ni maduka, juu kuna mawakili, kliniki ya meno na chuo kidogo cha kompyuta. Tuna lifti moja, jenereta, pampu mbili za kupandisha maji, matangi juu ya paa, vizimamoto kwenye kila korido, na mashine za hewa baridi ambazo kila mpangaji alijiwekea yake kwa wakati wake. Rekodi za vitu hivyo zilikuwa zimetawanyika: baadhi kwenye mafaili ya mwenye jengo, baadhi kwa wakili wake, na zilizobaki kichwani mwa fundi wetu mzee, ambaye alianza kulihudumia jengo hili mimi nikiwa shule ya msingi. Ukimpigia simu na yuko Bondo kwenye matanga, pampu nayo inangoja matanga yaishe.

Kampuni tuliyoichukua, ambayo sitaitaja kwa sababu nina malalamiko nayo, hufanya kazi hivi. Inazunguka jengo, inapiga picha kila mashine, inaipa namba, inaifungulia ukurasa wake mtandaoni, kisha inabandika stika yenye msimbo wa QR. Ukiuskani kwa simu unaona mashine ni ya aina gani, inatumia spea gani, na nani aliihudumia mara ya mwisho.

Huko kuzunguka ndiko kulikorudisha pesa zetu, hata kabla ya stika ya kwanza kubandikwa. Nilimwomba fundi mzee atembee nasi. Tulipofika kwenye bodi kuu ya umeme akaninyooshea kidole swichi moja iliyoandikwa jina la benki iliyohama zamani sana. "Nyathina, mwanangu, hiyo usiiguse. Watu wanadhani haina kazi, kumbe ndiyo inayolisha lifti." Kibati cha kiwandani cha pampu ya pili kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na ukuta, tukakikwangua ndipo tukaijua nguvu ya mota. Juu ya dari ya ghorofa ya pili tukakuta vali inayofunga maji upande wa kliniki peke yake. Miaka yote bomba likipasuka huko tumekuwa tukifunga maji ya jengo zima, na wapangaji wanatutukana bila sababu.

Kisha kuna nyaya. Waya za zamani humu ndani ni nyekundu, njano na buluu kwa zile fezi tatu, yaani nyaya zenye moto, na nyeusi ni nyutro, ile ya kurudishia umeme. Sehemu zilizoongezwa baadaye zina kahawia, nyeusi na kijivu, na buluu ndiyo nyutro. Yaani nyeusi na buluu zimebadilishana kazi ndani ya jengo moja. Fundi kijana aliyezoea mtindo mpya akifungua bodi ya zamani, anaweza kushika waya akiamini ni nyutro kumbe ni moto. Sasa ukurasa wa kila bodi una picha ya ndani na onyo kwa herufi kubwa kwamba hapa rangi ni za zamani. Kupima kwa testa bado ni lazima, lakini angalau mtu anaonywa kabla hajafungua kifuniko.

Kuhusu msimbo wenyewe, usikubali mtu akuuzie kama muujiza. Ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso Wave, Japani, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Sisi tumeuzoea kwenye malipo ya simu na risiti za eTIMS, ule mfumo wa kodi wa KRA, lakini kuubandika kwenye jenereta ni kuurudisha karibu na kazi yake ya kwanza. Denso Wave ilikuwa na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ikaamua kutowadai watu wanaoutumia. Kwa hiyo nilipoona kwenye makadirio ya kwanza mstari wa "leseni ya QR", niliuliza inalipwa nani. Mstari ukafutwa bila maelezo.

Stika ndizo zilizonisumbua. Za kwanza zilikuwa za karatasi. Kwenye chumba cha jenereta, kati ya joto, dizeli na masizi, hazikumaliza msimu. Za kwenye matangi zilipaushwa na jua la Kisumu, na hilo mnalijua. Tukabadilisha: ndani tumeweka za plastiki ngumu zenye utando juu, na kwenye jenereta na paani vibati vya alumini vilivyofungwa kwa ribiti. Omba pia msimbo uchapishwe kwa kiwango cha juu cha kusahihisha makosa, kinachoitwa H. Huo husomeka hata kama takriban asilimia 30 ya data imeharibika au kuzibwa na uchafu. Ukubwa nao una maana. Kwa kawaida simu husoma kutoka umbali wa mara kumi ya upana wa msimbo, kwa hiyo stika ya sentimita 3 inakutaka usogee hadi sentimita 30. Kitu kilicho juu ya ngazi kinahitaji stika kubwa, au stika yake ibandikwe ukutani chini. Na usiibandike kwenye kifuniko cha filta au kitu chochote kinachobadilishwa. Kitaondoka na kumbukumbu zako.

Vizimamoto vina kituko chao. Vikipelekwa kujazwa, mara nyingine mtungi unaorudi si ule ulioondoka. Tulikuwa hatujui. Sasa mtungi una msimbo wake na ndoano ya ukutani ina namba yake, na visipolingana mlinzi hapokei.

Mafundi hawakuupenda mfumo huu mwanzoni, na sikuwalaumu. Fomu ilikuwa ndefu, ya Kiingereza, yenye maswali ambayo hata mimi sikuyaelewa. Tulipoifupisha na kuiweka kwa Kiswahili, wakaanza kuijaza. Mmoja akajaza kupita kiasi. Kumbe alikuwa amepiga picha stika zote, akawa anaziskani kutoka kwenye simu nyingine akiwa zake Kondele, na jenereta inaonekana imekaguliwa kila Jumatatu asubuhi bila kukosa! Ujanja huo nilikaribia kuupigia makofi. Msimbo hauthibitishi kwamba mtu amefika; ni picha tu, na picha hupigwa picha. Sasa lazima apige picha ya saa ya jenereta inayohesabu muda wa kufanya kazi. Hiyo picha inatufaa kwa jambo jingine pia, kwani yetu hubadilishwa oili kila saa 250, na zamani tulikuwa tunakisia.

Sasa malalamiko. Stika zote za mwanzo zilielekeza kwenye anwani ya kampuni yenyewe. Maana yake, siku ukiacha kulipa ada ya mwezi, au kampuni ikifunga, ukutani umebaki na mapambo. Sikuambiwa hilo kabla. Nililiona kwenye mkataba, kwa maandishi madogo. Tulivutana mpaka wakakubali stika zichapishwe upya zikielekeza kwenye anwani ya jengo letu, ambayo sisi wenyewe tunaweza kuihamishia kwingine. Chini ya kila msimbo pia tumeandika namba inayosomeka kwa macho, kama P-02 kwa pampu ya pili. Simu ikiwa haina bando, fundi anapiga na kunitajia namba hiyo.

Mtandao ni taabu nyingine. Chumba cha pampu kiko chini ya ardhi na simu hazishiki. Stima zikipotea, ndipo unapoihitaji sana rekodi ya jenereta, na ndipo intaneti ya jengo inapozimika. Programu yao inahifadhi kurasa kwenye simu, lakini mpaka uwe umezifungua kabla. Mimi nimechapisha ukurasa wa jenereta na wa bodi kuu, nikaziweka kwenye karatasi za plastiki na kuzitundika mlangoni.

Ukaguzi wa lifti ndipo nilipopumua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka lifti ichunguzwe kila baada ya miezi 6 na mtu aliyeidhinishwa. Zamani kutafuta cheti kulikuwa ni kupiga simu kwa wakili, naye anampigia karani. Sasa kipo kwenye ukurasa wa lifti, na tarehe ya kufuata inanikumbusha mapema. Mpangaji akiskani stika hiyo haoni cheti wala namba za simu za mafundi. Anaona jina la mashine na mahali pa kuripoti hitilafu. Hilo nililisisitiza, maana kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na pia sitaki mtu wa kupita awe na ramani ya umeme wetu.

Kama jengo lako lina tangi na pampu moja, daftari la shilingi mia linatosha, usijisumbue. Kwa jengo kama letu inafaa, mradi uhakikishe mkataba unasema rekodi ni zako. Wetu sasa unawataka watutumie faili lote kila mwisho wa mwezi kwa muundo wa jedwali la kawaida. Mimi hulifungua siku hiyo hiyo. La mwezi uliopita lilikuja bila picha za bodi, nikalirudisha, na hadi leo sijawalipa.