Tathmini ya Huduma ya Kuanzisha Mfumo wa Kusimamia Maisha ya Bidhaa
Kampuni yetu changa ya kutengeneza pampu ilipowaajiri washauri watuwekee utaratibu wa kusimamia bidhaa tangu mchoro wa kwanza hadi inapoondolewa sokoni, nilidhani wangeanza na programu. Kumbe walianza na orodha ya vipuri, wakakipa kila kipuri namba isiyobeba maana yoyote, yaani isiyoonyesha aina wala ukubwa wake, uamuzi ambao mafundi waliupinga, ingawa namba zenye maana huvurugika bidhaa zinapoongezeka. Kilichoniridhisha zaidi ni kwamba sasa hakuna mchoro unaorekebishwa bila ombi la maandishi, ukaguzi wa athari zake kwa akiba iliyoko ghalani, na toleo jipya lenye herufi yake ya kulitambulisha. Hata hivyo, kudai sahihi 7 kwa kila badiliko katika timu ya watu 9 kulikuwa kupita kiasi, tumebakiza 2. Mafunzo nayo yalikuwa mafupi mno.