Transfoma ya kontroli 415/110 niliyonunua duka la Gerezani, Dar, mwezi wa tatu sasa

Wakuu, hii ni kwa mnaohangaika na mashine mtumba za Uingereza. Karakana yetu Keko tuna randa ya zamani, mota ni fezi tatu ya kawaida ila kontroli yote, batani, kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota), limiti swichi ya kava, inatembea na volti 110 kutoka kwenye transfoma ndogo ya kushusha umeme. Transfoma yake ilipoungua fundi akasema volti za ajabu ajabu hizi za nini, tuweke koili (sumaku za kontakta) za 230 tuchukue fezi moja na nyutro yaishe. Tukakubali. Wiki mbili hazijaisha kijana wetu kapigwa shoti kwenye batani ya kuzimia, vumbi la mbao na unyevu vilishaingia kwenye kiboksi. Mungu saidia hakuumia, lakini siku hiyo hiyo nilisema 110 inarudi.

Nikachukua hii ya VA 250 (VA ni kipimo cha uwezo, volti mara ampea), laki na ishirini. Nilianza na ya 50 ya kuazima kwa jirani, kontakta ikawa inatetemeka tu haishiki, maana kontakta ikishashika inakula VA 8 hivi lakini pale inapovuta inataka kama 70. Hii mpya inavuta kontakta zetu zote tano bila shida. Bila mzigo nimepima 113, na mzigo 109, nimeridhika kabisa.

Kuna mdau aliniuliza kwa nini nisiweke volti 24 kama mashine mpya. 24 DC ni salama zaidi kweli na PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine) na sensa ndo zinaitaka, ila kwa kontakta za zamani hizi, VA 70 kwa 24 ni karibu ampea 3 wakati kwa 110 haifiki hata 0.7, sasa waya mwembamba wa mita ishirini kwenda na kurudi volti zinapotelea njiani, na swichi zilizoshika vumbi na kutu 24 inashindwa kupenya. 110 ipo katikati, shoti yake ni nusu ya 230 na bado ina nguvu ya kufanya kazi. Halafu kiwanda kikipeleka mashine Marekani kwenye 480 au kwetu kwenye 400, kinabadilisha transfoma au tapu yake tu (pale unapounga waya kulingana na volti inayoingia), koili zinabaki zile zile.

Kitu ambacho sijakipenda: haiji na kiungo cha ethi (waya wa ardhini) upande wa 110, lazima ufunge mwenyewe, na kwenye boksi hamna karatasi inayokwambia. Jamani msiruke hapo. Mguu mmoja wa 110 ukiwa kwenye ethi na fyuzi ikiwa mguu wa pili, waya ukichubuka ukagusa bodi fyuzi inakatika mashine inazima. Bila hivyo waya wa kwanza ukigusa hutajua kitu, ukigusa wa pili mota inaweza kuwaka yenyewe mtu mkono uko kwenye visu. Skrubu zake nazo zililegea wiki ya kwanza, kaza tena.

Nyota 4 kati ya 5. Dukani wana za VA 100 na 500 pia, ila angalia tapu kabla hujalipa, yangu ina 380, 400 na 415 lakini zipo zenye 380 peke yake, ukiifunga kwenye 415 inatoa 120 na koili zinachemka.