Supa nzuri, bei nzuri, lakini kile kikopo pale kaunta kimewanyima nyota mbili

Nianze na mazuri ndio msije mkasema nina chuki. Hii supa (jina naliweka mfukoni, ni moja ya zile kubwa hapa Mombasa) nimeizoea, mwaka wa nne huu shopping ya mwisho wa mwezi nafanya huko. Unga, mchele, mafuta, ukilinganisha na maduka ya mtaani unabakisha nauli ya tuktuk na soda juu. Mkate unatoka moto saa kumi jioni. Friji za maziwa hazizimi hata stima ikipotea, jenereta inashika kabla hujamaliza kusema eh. Mboga ndio siwasifu, sukuma yao ni ya juzi, hiyo nanunua kwa mama mboga wangu.

Sasa Jumamosi nimeenda kurudisha blenda iliyokataa kuwaka, na walinibadilishia bila maneno mengi, hapo pia nawapa haki yao. Lakini pale kaunta nikaona kikopo, kile cha aiskrimu cha lita mbili, kifuniko kimetobolewa kwa kisu, mbele kimebandikwa fotokopi ya picha ya kijana amevaa yunifomu. Yunifomu ya hapohapo! Chini imeandikwa kwa kalamu, tumsaidie mwenzetu bili ya hospitali, Mungu akubariki. Nikamuuliza dada wa kaunta, huyu si ni yule wa stoo anayesukuma maji? Akaniambia, ndiye dadangu, kidole tumbo kilipasuka, wakampasua usiku, ametoka lakini bili bado. Nikamwambia si mnakatwa SHA nyinyi, hii bima ya afya ya serikali? Akacheka kile kicheko cha kuchoka. Kumbe kijana hajaajiriwa na supa, ameajiriwa na kampuni inayoletea supa vijana, pesa anakatwa kila mwezi lakini huko walikuwa hawazipeleki, kufika hospitali anaambiwa hayuko aktivu.

Nikatia mia moja, halafu nikatoka na hasira mpaka nikasahau blenda, ikabidi nirudi. Yaani mtindi umewekewa jenereta, na anayeubeba kutoka stoo amewekewa kikopo.

Haya mambo nayajua kwa sababu nilikuwa keshia karibu miaka mitatu, supa nyingine, sio hii. Unasimama tangu kufungua, miguu inavimba viatu vinakataa kuvuka. Kwenda chooni mpaka supavaiza aje afunge tili, na yeye ana tili kumi za kuangalia, basi unajifunza kutokunywa maji, na matokeo yake kila baada ya miezi michache uko kwa kemisti na ule moto wa mkojo unanunua vidonge kwa pesa yako, nusu dozi, nusu nyingine ukipata mshahara. Sheria ya ajira ya 2007 inakupa siku saba za ugonjwa za mshahara kamili na saba za nusu, lakini mpaka uwe umefanya miezi miwili mfululizo na ulete karatasi ya daktari. Karatasi yenyewe ni foleni ya dispensari kutwa nzima, na kibarua asipoingia kazini siku hiyo halipwi. Kwa hivyo utafanya nini, utaenda kazini na kikohozi chako. Na huyo anayekohoa ndiye anayeshika mkate wako wa moto wa saa kumi, nawaambia tu.

Najua kuna atakayesema sasa SHA ipo, supa inahusikaje. Haya tufanye hesabu. Mtu wa mshahara wa 18,000, zamani NHIF, bima iliyokuwepo kabla ya SHA, ilikuwa inamkata 600, tangu Oktoba 2024 anakatwa asilimia 2.75, hiyo ni 495, kwa hapo tuseme ukweli mtu wa chini amepata nafuu. Lakini hiyo 495 yote ni yake. Kwa ile tozo ya nyumba za serikali anakatwa asilimia 1.5, ni 270, na mwajiri analazimika kuongeza 270 yake. Kwa afya mwajiri anaongeza ngapi? Sufuri. Sheria inamlazimisha tajiri achangie nyumba ambazo huyu keshia hajui kama atapata hata moja, lakini mgongo anaouvunjia pale tili kila siku hauna mchango wa mtu!

Na ile ya kwamba supa wakiwalipia wafanyakazi bima bei zitapanda, mimi siichukui. Zile supa kubwa za Nakumatt na Tuskys hazikuzama kwa kutibu makeshia, zilizama na madeni ya waliowaletea bidhaa.

Mahali ninapofanya kazi sasa ni duka la hadiwea, tuko watu kumi na mmoja. Bosi wetu ni mkali wa pesa, hata chai tunajinunulia, lakini alikubaliana na kliniki ya jirani, ukiumwa unaenda unaandika jina kwa daftari, unatibiwa, yeye analipa mwisho wa mwezi. Mwaka jana nimetumia mara mbili, malaria na jino. Ikiwa muuza misumari ameweza, supa yenye kadi za pointi na ofa kila wikendi inashindwa na nini? Na isiwe ni ya mameneja peke yao, wawemo vijana wa stoo na wale wanaopanga shelfu na fulana za kampuni za maziwa na sabuni. Hiyo kampuni ya vijana nayo kabla hawajailipa waulize risiti za SHA ziko wapi, ni swali la dakika mbili.

Nyota tatu kwa tano. Mkate nitaendelea kununua huko, sidanganyi. Halafu jana nimepita kikopo hakipo, nikafurahi nikadhani bili imeisha, kumbe meneja kasema kinaharibu sura ya kaunta. Kiko kwa soja mlangoni, chini ya meza ya kuweka mizigo, ukienda muulize atakutolea.